Neno Aliloomba Mama Nyota

Kisangani, 9 Aprili 1965

Kwa wifi yangu mpendwa Safi,

Nakusalimu kwa amani, wewe, mume wako na watoto. Mnaamkaje huko Bengamisa? Mguu wa shemeji Hemedi umepona? Mimi mwili hauniumi, namshukuru Mungu, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Cherehani ya kaka yako iko palepale dirishani. Nimeifunika kitambaa, na kuku wanalala chini yake.

Barua yako ilikawia njiani kwa sababu ya vita, lakini imefika. Unauliza jambo moja tu: mama yenu, Mama Nyota, alipokata roho, nani alimtamkia shahada? Nitakujibu, ila niache nianze nyuma kidogo, maana jibu bila mwanzo wake litakuumiza bure.

Unajua kaka yako Asumani alipigwa risasi mwezi wa Agosti, waasi walipoingia mjini. Alikuwa anarudi tu kutoka barazani kwa yule Mhindi wa vitambaa, alikokuwa akishona. Nikakaa eda katika chumba cha nyuma, na Mama akatandika mkeka wake mlangoni. Novemba Mhindi naye akachukuliwa pamoja na wageni wengine. Jioni ile mke wake, Kanta, aliingia uani kwetu bila viatu. Mama hakumuuliza kitu. Alimfunika shuka jeupe kama langu, akamsukuma ndani. Kanta alikuwa hajajua kama ni mjane. Nadhani Mama alijua.

Kesho yake wale waasi, Simba kama walivyojiita, walikuja kumtafuta. Mama hakuinuka kwenye mkeka. Aliwaambia: “Ingieni, batoto yangu. Lakini humu iko eda. Mukiona mujane, dawa yenu ya kuzuia risasi itakufa leo leo, na musikuje kunililia.” Wakanong’onezana, wakaondoka na kuku wetu wawili.

Muda wote ule Kanta alikuwa amelala ubavuni mwangu chini ya shuka, midomo ikicheza bila sauti. Baadaye nilimuuliza ni dua gani ile. Alisema ni maneno aliyopewa na mama yake, ya kurudia mpaka moyo utulie: Om nama Shivaya. Unavuta pumzi, kisha unayatoa taratibu kama mtu anayepoza chai. Nikajifunza. Tangu msiba, kila nikifumba macho nilikuwa naona kiatu cha Asumani barabarani. Kwa maneno yale sikuona kitu, na kutokuona kitu kulikuwa pumziko.

Mama alimpenda Kanta kwa namna yake. Alimcheka kwa kula pondu, yale majani ya muhogo, bila samaki, akiuliza ni mutu gani anakataa samaki na mto iko karibu hivi. Pumu yake ilipombana, na dawa zimekwisha mjini, Kanta alikaa nyuma ya mgongo wake akasema yale maneno, na kifua cha Mama kikaifuata sauti. Alipopata nafuu aliuliza maana. Kanta hakumficha: namwinamia Shiva. Mama akautoa mkono wake mkononi mwa Kanta. Akasema yeye anamwinamia Mungu mmoja tu, hatayatamka kamwe. Halafu akakohoa. “Lakini kusikia, nasikia hata jogoo ya jirani Berthe. Endelea.”

Ndege za Wazungu zilipokuja, Kanta alipelekwa uwanja wa ndege wa Simi-Simi pamoja na wageni waliosalia. Eda haikuniruhusu kumsindikiza kupita mlango. Sijapata habari yake mpaka leo.

Kisha ikawa zamu yetu kuogopa. Askari wa serikali walipiga risasi mitaani wakiwasaka waasi, hakuna aliyevuka barabara, wala jirani wala mwalimu wa msikiti. Katika siku hizo kifua cha Mama kilifunga. Nilimwegemeza kwangu, nikaanza shahada sikioni mwake kama tulivyofundishwa. Alitaka kunifuata, pumzi ikakatika katikati. Macho yakamtoka kwa hofu, kwa kuwa hakuweza kuimaliza. Nikaanza tena, akajaribu tena, akakabwa zaidi. Hapo akanishika kifundo cha mkono, akasema: “Ile ya Kanta.”

Nilielewa, Safi. Shahada aliona ni deni lake kuijibu. Ile nyingine ilikuwa ya kusikia tu.

Basi jibu lako ni hili. Neno la mwisho sikioni mwa mama yako lilikuwa Om nama Shivaya, kwa sauti yangu. Kifua chake kikashuka, kikapanda, kikashuka. Nilipomlaza ndipo nikaona mkono wake wa kuume juu ya kitenge: vidole vyote vimekunjwa, kile cha shahada kimenyooka. Kilinyooka saa ngapi sijui, macho yangu yalikuwa usoni mwake. Sikukikunja. Nilimwosha nacho hivyo hivyo.

Hakuna mwingine anayejua. Wewe ndiwe binti yake, na hukumu ni yako. Usipokanyaga tena nyumba hii, sitakulaumu. Mkeka wake nimekuwekea.

Nisalimie watoto, na shemeji Hemedi umwambie asikanyage maji ya baridi. Na siku utakayomsomea Mama sura ya Yasini, ukifika kwenye dua ya mwisho, unitaje na mimi.

Wifi yako,
Sikujua