Faili la Wesley lililojisoma

Linet, yule Wesley fundi wa kompyuta amejiaibisha leo hapa Mlolongo mpaka Kasyoka, karani wetu wa mizani, ameshindwa hata kucheka.

Seva ya Nairobi ililala asubuhi, tikiti za mizani zikakataa kutoka, malori ya kokoto yakapanga foleni hadi barabarani. Wesley akaketi kwa kompyuta ya Kasyoka, akaingia seva kutoka hapo, akamwambia bosi wetu Mzee Mutuku mbele ya madereva, "Huyu msichana wako amejaza diski na takataka."

Msichana. Kasyoka ako na miaka thelathini na nne.

Mzee akamwambia Kasyoka aandike barua ya kuacha kazi. Aki, Kasyoka alikuwa ameshaandika tarehe, ndipo akatazama skrini na kuuliza polepole, "Wesley, mbona hilo faili kubwa liko na jina lako?"

Jina lake, Linet. Jumatatu Wesley alianza kurekodi kwenye faili hilo kila kinachopita kwa skrini akiwa ndani ya seva, ndio wakubwa waone anavyochapa kazi. Halafu akalifungua faili hilo alisome kabla ya kuzima rekodi. Kila mstari ulioonyeshwa ukarekodiwa, ukaonyeshwa tena, ukarekodiwa tena. Akaona maandishi hayaishi, akafikiri ni kazi yake nyingi, akaenda nyumbani. Siku tatu faili linajisoma na kunenepa, mpaka diski ikajaa.

Na cheti chake cha kompyuta amekiweka kwa fremu.

Mzee akauliza, "Sasa hiyo barua ni ya nani?"

 Kasyoka alimsukumia Wesley kalamu, na karatasi yenye tarehe tayari.