Sefsari Si Kinyago cha Yosr

Wifi Hedia,

Ukitoka hamamu hutatukuta. Nampeleka Yosr hospitali, uso umemwiva na macho hayafunguki. Asubuhi ulimpandisha darini mkaanike kuskusi, ukamvua kinyago chake cha kuzuia jua, ukamtanda sefsari, lile shuka la hariri la kujifunika la mama yako. Nilipowafuata ukanijibu, "Kivuli ni kivuli, wifi, acha uoga!" Hongera, bingwa. Hariri yenyewe nyepesi hivyo, nilimwona mtoto meno akicheka humo ndani! Ngozi yake jua likishaiharibu haijirekebishi, inageuka saratani. Nimekwambia mara ngapi?

Mapazia usiyaguse. Supu iko jikoni.

~~Tukirudi nisikukute.~~ Baki. Yosr analia, anauliza kama na wewe umeungua.

Ufunguo wa darini ninao mimi.

Mama Yosr