Nilimkaribisha Mara Moja

Brno,
13 Novemba 2005.

Mpendwa dada Yustyna,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu walau za kukaa dirishani, ingawa najua kumuuliza hali mama aliyezika mwanawe ni kumtonesha kidonda. Miguu yako inaendeleaje? Na shemeji Havrylo, kifua kimetulia? Huko nyumbani Khust baridi imeshaingia, nami sijui mwaka huu nani amewapasulia kuni. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa.

Nimesikia arobaini ya Myroslava ilijaa watu hadi mkaazima viti shuleni. Mungu awalipe wote waliokuja. Mimi sikuweza, unajua karatasi zangu zilivyo. Nikivuka mpaka sirudi. Siku hiyo niliwasha mshumaa kanisani, nikasimama mpaka anayefagia akaniomba nimpishe.

Barua yako ilifika. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama Myroslava alikuwa anakula vizuri huku. La pili, kama nitampokea Zoryana, mdogo wake, achukue kazi ileile katika nyumba ileile. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu mimi ni hodari wa kudanganya, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dada, Myroslava alikuwa na njaa.

Unaijua kazi niliyojitwika. Miaka kumi na moja sasa, kila mwanamke wa kwetu anayeshuka kwenye basi la Jumamosi hunikuta nimesimama palepale. Namlaza kwangu siku mbili tatu, namtafutia mzee wa kumtunza, namfundisha maneno ya kuanzia: dawa, choo, wapi panauma. Namwambia avae viatu visivyopiga kelele, asimbishie mzee, asifungue friji ya watu bila kuambiwa. Wananiita mama wa kituoni. Nisikufiche, jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Myroslava alifika asubuhi, amechoka hoi. Nilikuwa nimesonga ugali wetu wa mahindi, na juu yake jibini la kondoo ulilonitumia kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamwambia, "Kaa ule, mwanangu."

Akasema, "Asante, mama mdogo, nimeshiba. Tulikula njiani."

Nikaondoa sahani.

Umeona? Wewe ungemjibu, "Umeshiba nini, vumbi la basi? Kaa hapo kabla sijakulisha kwa nguvu kama kifaranga!" Angekataa tena, ungefoka, kisha angekula sahani mbili na kulamba kijiko. Kwetu mtoto aliyelelewa hukataa mara ya kwanza, hukataa na ya pili, na kumlazimisha ni kazi ya mwenye nyumba. Hata mlevi wa kijiji analijua hilo. Hapa mtu akikuuliza anataka jibu, na ukisema hapana anakuheshimu, anaondoa chakula. Si ubaya, ndivyo walivyo. Nimeishi nao mpaka nimekuwa kama wao, wala sikujiona. Yule mtoto alilala kwangu siku mbili na sidhani kama alikula zaidi ya mkate na chai.

Nilimpeleka kwa Bibi Vlasta, ajuza asiyeweza kuinuka kitandani peke yake. Binti yake, Ilona, hupita kila mchana na chakula cha mama. Siku ya kwanza alimuuliza Myroslava, "Utakula na wewe?" Akajibiwa hapana, asante. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Baada ya wiki akaacha kumnunulia, akidhani kapata mtu wa kula kidogo. Myroslava akawa anakula makombo ya ajuza. Friji ilikuwa hapo hapo jikoni, lakini mimi nilikuwa nimeshamkataza.

Mshahara wake wa kwanza aliutuma wote kwenu, sikulaumu, hukujua. Jumapili tulikutana bustanini nikamwona amepungua. Badala ya kushtuka nikamtania mbele ya wenzake, "Jamani, mji umempenda, tazameni kiuno!" Wote wakacheka. Naye alicheka. Nikamuuliza kama atakula soseji, akasema ameshiba, nikanunua moja, nikaila mbele yake.

Nilikuambia aliteleza ngazini. Kuanguka alianguka kweli, akipandisha kapu la nguo mbichi darini, lakini hakuteleza; alikuwa amezimia kwa njaa kabla ya kugusa ngazi. Daktari aliniuliza huyu binti amekula lini mara ya mwisho. Ilona alilia akiwa ameegemea ukuta. "Nilimuuliza kila siku, Paraska! Kila siku! Mbona hakusema?" Ilona hana kosa, na ukitafuta wa kumlaani usimlaani yeye. Yeye hakuzaliwa Khust.

Sasa Zoryana. Ilona ameniuliza pia, tena kwa machozi, anataka kurekebisha. Nimemkatalia, na wewe nakukatalia. Kama lazima atoke, mpelekeni kwa mtu aliyeondoka nyumbani jana, ambaye bado ana adabu ya kugomba na mgeni mezani. Mimi simwamini tena Paraska. Jumamosi iliyopita basi lilikuja, sikwenda. Sijui wanawake wale walimkuta nani.

Msalimie shemeji Havrylo, msomee barua hii yote, usiruke palipo na aibu yangu. Msalimie Zoryana na shangazi Yevka. Padri Hnat mwambie aniombee bila kutaja jina langu kwa sauti, wasije watu wakageuka kanisani. Mungu akupe usingizi, na mikono ya kumshika huyu uliyebaki naye.

Usiku ule ulionipigia simu kunishukuru kwa kumtunza mwanao mpaka mwisho, nilisema, "Si kitu, dada." Naomba nikurudishie shukrani hiyo.

Mdogo wako akupendaye, hata ukikataa kuanzia leo kupendwa naye,

Paraska