Tepu ya bomba kwenye mtutu

Jumanne, Guangzhou

Fundi bunduki wa hifadhi ya wanyamapori tunayoiandikia mwongozo wa bunduki amesema leo kwa simu kwamba kizuia sauti kinachofungwa kwenye nyuzi za mtutu, ile mikato ya skrubu mdomoni mwake, hakizungushiwi tepu. Nyuzi zisafishwe, kikazwe hadi kikae sawa, kisha kikaguliwe mara kwa mara bunduki ikiwa tupu.

Mimi kwenye mwongozo nilikuwa nimeandika kizungushiwe tepu. "Funga tepu, madam, haiwezi kulegea," aliniambia Otieno, muuza vifaa vya bomba hapa Tianxiu, jengo la maduka ya wafanyabiashara Waafrika. Nikamwamini, kwa kuwa nyuzi anazijua.

"Dada, hilo si bomba la maji," fundi akacheka. "Tepu ikikifanya kikae upande, risasi inakipiga, na aliyeshika bunduki ni askari wangu."

Askari hao ndio wasomaji wetu.

Nikampigia mhariri. Ukurasa haujachapwa. Nimeshusha pumzi.

Kesho saa tatu asubuhi ya huko hifadhini, namsomea fundi aya mpya.