Geti la Ngoingwa na Mafua ya Mzee Wafula

Baba,

Nimechoka. Nilitaka kuanza na salamu nzuri, vile ulikuwa ukifunza wanafunzi wako, lakini nimechoka tu hadi mifupa. Nimetoka kwangu Membley asubuhi kuja kupanga vitu vyako hapa kwenu Ngoingwa, kwa sababu Mama akivishika analia.

Unakumbuka ile karatasi niliyobandika kwa geti? "Mwenye kikohozi au mafua asiingie." Daktari alikuwa ameniambia dawa za kansa zimekumaliza kinga, homa kidogo tu inaweza kukuua. Basi nikawa askari. Nilirudisha akina mama wa kanisa na chai yao kwa thamosi. Nilirudisha hata Mzee Wafula, rafiki yako wa drafti, yule wa kukohoa mwaka mzima. Alikuwa anasimama nje anaita, "Mwalimu! Bado uko?" halafu anaenda zake.

Na wewe, kichwa ngumu, ukaniletea biolojia. "Maitu," ukaniambia, maana ulikuwa unaniita hivyo, mama kwa Kikuyu, kwa vile nina jina la mama yako, "hao watu wa mafua ndio dawa." Ukanieleza kwa hiyo sauti iliyobaki kukwaruza: zaidi ya miaka mia iliyopita, mama mmoja wa kansa ya damu alishikwa na homa ya mafua, na ugonjwa ukapungua. Hapa jirani Uganda, mtoto akapata surua na uvimbe wake wa kansa ukayeyuka. Kuna madaktari waliowapa wagonjwa virusi makusudi, waone kama vitakula kansa. "Wacha Wafula anikoholee!" Nilicheka, halafu nikakasirika. Nikakataa.

Ukafa geti likiwa limefungwa.

Baba, tangu tukuzike sijakuwa sawa. Nikipiga pasi, nikiwa kazini, hata kanisani, ni swali moja tu: na kama ulikuwa unasema ukweli? Kama dawa yako nilikuwa naifukuza mimi mwenyewe, kila siku, pale getini?

Leo nimepata daftari lako chini ya godoro. Yule mama yumo, na yule mtoto wa Uganda. Nikafungua ukurasa unaofuata, ule hukuwahi kunieleza. "Nafuu ilikuwa ya muda mfupi. Kansa ilirudi. Wengine waliuawa na virusi vyenyewe, hasa waliodhoofika." Hilo neno la mwisho umelipigia mstari na biro nyekundu, kama unasahihisha mtihani. Umeandika pia kwamba siku hizi virusi vinapunguzwa makali maabarani kwanza, ndipo vifanywe dawa. Ngai! Kumbe ulijua yote.

Na chini kabisa, mwandiko ukiwa umeanza kutetemeka: "Maitu yuko sahihi. Lakini nimemiss watu."

Si ungesema tu, Baba? Ningekuwekea kiti kwa veranda na Wafula nimwekee chake huko nje ya geti, mcheze drafti kwa kupigiana kelele. Ningekuwa nimekasirika, ndiyo, lakini ningeweka.

Karatasi nimeibandua. Gundi imeacha alama, nimesugua na maji moto ikakataa kutoka. Mzee Wafula yuko sebuleni na Mama sasa hivi, anakunywa chai na kukohoa, na Mama anamwambia aongeze sukari.

Nakuahidi hivi: siku Mama akiugua, kabla sijafunga kitu chochote, nitamuuliza anataka nani akae karibu naye.

Pumzika sasa. Geti nimeliacha wazi.

Maitu wako