Wamesema Nyumba Yangu Si Shule

Kata ya Mollo,
Sumbawanga.
18 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Nestory,

Mimi baba yako mkubwa Fabiani nina miaka themanini na mbili. Nimewazika ndugu zangu wote, marehemu baba yako akiwemo. Lile trekta la kijiji lililopokelewa kwa ngoma limekufa, na mimi na jembe langu tupo.

Marahaba, maana najua ukiishika karatasi hii unaanza na shikamoo. Hujambo wewe? Hilo joto la Mtwara umelizoea? Huku baridi imeanza, asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Magoti yangu ni mazima kuliko ya vijana. Mama yako mkubwa Avelina anakohoa kidogo, lakini kusema hajapunguza.

Nimeandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Simu sitaki. Mkeo Atuganile huiweka kwenye spika, na ninachosema hapa kinamfikia baba yake kabla sijakata. Nasikia mkeo anataka binti yenu Hellena aondoke kwangu, akakae mjini kwa huyo baba yake, Mwalimu Elisha. Naandika ili ukatae.

Ulipohamishiwa Mtwara ulimwacha mtoto kwangu, hukumwacha kwa mwingine. Mimi nikaruhusu kila Jumamosi aende kumsalimia babu yake wa mjini. Ule ulikuwa wema wangu. Sasa mtoto akirudi kila neno ni babu mwalimu kasema, babu mwalimu kanionyesha ramani, babu mwalimu ana miwani miwili. Siku moja nikamsikia anamwambia mwenzake kwamba mimi ni babu wa shamba. Nestory, mimi ndiye babu. Kama kuna wa kuongezewa neno ni yule.

Nikaona kumbe mtu akimfundisha mtoto ndiyo anampata. Basi baada ya Pasaka nikamwambia Hellena sare aikunje, atasoma kwangu. Wewe mwenyewe nilikufundisha katekisimu hapa hapa kwenye mkeka. Ukaenda mbele ya padri, ukaulizwa, ukajibu, ukapewa komunyo. Padri hakuuliza ulikaa dawati gani. Nikajua na shule ndivyo. Mtoto afundishwe nyumbani, siku ya mtihani nimpeleke, aulizwe, ajibu, apewe cheti.

Tukaanza vizuri. Sala, halafu hesabu kwa punje za mahindi, halafu shambani. Nilimwonyesha ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, namna nyasi zinavyofukiwa zioze ulezi upate kula. Elisha katokea Mbeya, hilo hawezi kumfundisha hata akivaa miwani yote miwili.

Mwalimu wa darasa akaona nafasi iko wazi, akapeleka habari. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Wilibrodi, akaja kuniambia naitwa ofisi ya kata. Nilivaa koti la harusi yako, nikamshika mtoto mkono, tukaenda. Afisa elimu kata ni mama mmoja anaitwa Cornelia. Alinipa shikamoo na kiti kabla ya maneno, hilo sitalificha.

Akanieleza kwamba mtoto wa umri wa Hellena lazima aandikishwe shule na ahudhurie, ni sheria, na mzazi au mlezi anayemzuia anaweza kufikishwa mahakamani, akatozwa faini au kufungwa. Nyumba haiwi shule mpaka isajiliwe. Na mtihani wa kumaliza shule ya msingi si kama kwa padri. Majina hupelekwa na shule, mtoto hatokei shambani akaomba kuulizwa.

Nikamwambia mimi sikubali kupewa hapana tupu, anitajie na njia. Akasema kumfundisha baada ya masomo na Jumamosi hakuna anayenikataza. Kama shule siipendi, wazazi wamwombee uhamisho aende shule nyingine, ya serikali au ya binafsi. Kuna madarasa ya watoto waliokosa shule, lakini hayo ni ya waliopitwa na umri, si ya mtoto aliyefichwa na babu yake. Na kujisomea nyumbani ukajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea ni habari za sekondari, tena una mtihani wa kupita kwanza. Nikamwambia niko tayari kungoja. Alicheka, ila hakukubali.

Hapo ndipo Elisha akaingia. Nani alimwita sijui, ila simu ya mkeo naijua. Nikangoja anichongee. Akasimama akasema, "Mzee Fabiani hakumficha mtoto, mama. Alikuwa anamfundisha." Nestory, afadhali angenitukana.

Cornelia akamuuliza mtoto amejifunza nini. Hellena akasimama akasali Baba Yetu yote kwa Kilatini, kama nilivyoisali mimi nikiwa mtumikiaji wa altareni. Elisha ni Mmoraviani, hata kuitikia hakujua. Nilifurahi, sina haja ya kukudanganya.

Halafu akapewa kitabu cha darasa la tatu asome. Akasoma mstari mmoja, akakwama. Akanitazama mimi. Nami lile neno sikuliweza. Akageuka akamtazama yule babu mwalimu.

Hellena amerudi shule, mimi ndiye niliyempeleka, nikamwona anaingia darasani. Kwa hiyo serikali haina neno na mimi. Neno limebaki kwako, maana Elisha anasema kwake ni karibu na shule, tena umeme haukatiki, na mkeo keshakubali. Wewe ukisema ndiyo, mtoto anaondoka likizo ya mwezi wa sita.

Mwambie mkeo hivi. Jumamosi Elisha aje Mollo. Nitampa kiti, nitampa uji wa ulezi, amfundishe kusoma mbele yangu. Mimi nitakaa hapo hapo nisikilize, na nikiuliza neno nijibiwe bila kuchekwa. Akimaliza, nami nachukua zamu yangu. Mtoto alale kwangu. Zaidi ya hapo siwezi kushuka.

Wasalimie Atuganile na mdogo wake Hellena, huyo Evaristi nisiyewahi kumbeba. Avelina anawasalimu. Hellena anasema mkija mlete samaki wakavu. Mungu awatunze ugenini, akurudishe siku moja unikute nimesimama.

Haya niliyoandika kama una shaka, muulize Wilibrodi, muulize mama yako mkubwa, muulize huyo Cornelia. Ukipenda muulize Elisha mwenyewe. Nimemtafutia ubaya muda mrefu, lakini uongo hasemi.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda kuliko wanavyokupenda huko ukweni,

Fabiani