Kutua Mwazye

Jumatatu, 9 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, kukagua helikopta tena. Mafuta, mikanda, panga za juu. Baridi ya Sumbawanga inauma mpaka kwenye kucha. Chacha, mwanafunzi mwenzangu kutoka Tarime, kavaa sweta mbili za mitumba ndani ya ovaroli na bado anatetemeka. Mimi Mfipa. Nimemcheka nikashiba.

Mwalimu wetu, Meja Salehe, kanikemea. Kosa lile lile. Kwetu mkubwa akikusalimia au akikusifu unampigia makofi, taratibu, magoti yamekunjwa. Mikono inakwenda yenyewe. Tukiwa chini haidhuru. Lakini leo tukiwa hewani kaniambia "vizuri", nami nikaachia wenzo wa kushoto, ule unaoinua na kushusha mashine. Kaudaka yeye.

"Mikono yako huko juu si yako. Ni ya mashine."

Chacha sasa ananiita Makofi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeruka! Nimeruka kweli! Meja kakaa tu, hajagusa kitu. Tumevuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ardhi ikakatika ghafla, bonde la Rukwa lote likawa chini ya miguu yangu. Nikapiga kelele. Meja kajifanya hajasikia.

Hewa ya huku nyepesi, mashine inachoka upesi. Ndiyo maana wametuleta huku kumalizia mafunzo. Wakati wa kurudi nimeona matuta yetu ya mviringo, yale ya kufukia majani, yamejaa hadi macho yanapoishia. Nimelima hayo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Sikujua kwamba ni mazuri.

Alhamisi, 12 Juni

Ratiba imebandikwa. Mtihani wa mwisho Jumamosi: kutua kwenye uwanja wa shule, Mwazye.

Mwazye! Nyumbani! Nimesoma mara tatu.

Nikifaulu, mbawa za rubani kifuani. Nikifeli, narudi stoo ya vipuri vya malori nilikotoka. Kurudia mtihani ni hiari ya Meja, na wanasema hajawahi kumruhusu mtu. Nimemtuma dereva wa lori la wanunuzi wa mahindi amwambie Bibi. Siku hizi malori ya watu binafsi yanafika mpaka kule. Bibi ndiye aliyenilea. Furaha tupu, na woga kidogo. Si kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu.

Nilikuja vizuri. Upepo kushoto, nikauona, nikausahihisha. Mita chache tu kufika chini. Kijiji kizima pembeni ya uwanja. Mbele yao Bibi. Akapiga magoti kwenye vumbi, akatupigia makofi ya kukaribisha wageni.

Nikamjibu. Kwa mikono yote miwili.

Mashine ikainama, ikaporomoka. Meja akaidaka, akaitua yeye kwa kishindo. Akazima injini, akanishusha, akaniuliza mbele ya watu wote nilikuwa nafanya nini. Nikasema, namwitikia bibi yangu, afande. Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa hatua tano, akasikia kila neno. Nimejichukia.

Chacha kafaulu. Jioni hakuniita Makofi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa kitandani nimekalia mikono yangu, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Saa nane Meja kaniita. Kasema kutua kwangu kulikuwa kuzuri kuliko kwa wote, mpaka pale. Kasema kesho, mara moja, pale pale, watu wale wale. Nikajibu "ndiyo, afande" mikono ikiwa imenyooka ubavuni. Kaiangalia, kaondoka.

Pale pale! Nimekimbia uwanja mzima wa ndege peke yangu. Halafu nikaogopa upya. Bibi atakuja. Atasalimia. Hajawahi kuacha kumsalimia mtu maisha yake yote, hata mtoza ushuru.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi tulivu. Upepo mdogo.

Watu walikuwa pale pale. Bibi mbele. Nilishusha polepole, nikisubiri apige magoti. Hakupiga. Alisimama wima kama mti, mikono kaificha ndani ya kitenge, kakifunga mpaka shingoni. Vumbi likampiga usoni. Hakujifuta. Watu wa Mwazye walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Mwanamke mzima, kisha hasalimii wageni! Aibu.

Nimetua. Magurudumu yamegusa hata sikusikia.

Meja kaandika kwenye karatasi yake, kanionyesha. Nimefaulu. Nikazima injini. Panga zikazunguka, zikazunguka, zikasimama. Nikafungua mkanda, nikashuka, nikatembea mpaka mbele ya Bibi, nikapiga magoti.

Ndipo alipotoa mikono.